Kubadilishana Wachezaji au Kusajili Mchezaji Huru: Njia Ipi Inaifaa Timu Ipi Katika Besiboli

Katikati ya Machi 2022, ndani ya siku chache, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, yaani MLB, ilitoa mfano ambao kila anayetaka kuuelewa usajili wa mchezo huu hana budi kuurudia. Mgogoro kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji ulikuwa umesimamisha shughuli zote za usajili kuanzia mwanzoni mwa Desemba 2021 hadi tarehe 10 Machi, na soko lilipofunguliwa tena kila timu ilikuwa mbioni. Atlanta Braves, mabingwa wa msimu uliotangulia, walikuwa na mlinzi wa kituo cha kwanza aliyependwa sana mjini, Freddie Freeman, ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha. Tarehe 14 Machi, badala ya kuafikiana naye, Braves walimchukua Matt Olson kutoka Oakland Athletics kwa kuwatoa vijana wanne. Kesho yake wakamfunga Olson kwa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 168. Wiki haijaisha, Freeman naye akakubaliana na Los Angeles Dodgers kwa miaka sita na dola milioni 162.

Nafasi ni ileile, wiki ni ileile, na kiasi cha fedha kinakaribiana. Hata hivyo timu hizi mbili zilikuwa zimepita njia zisizofanana hata kidogo. Dodgers walilipa kwa fedha na kwa miaka ya mbeleni, Braves wakalipa kwa vijana waliowalea wenyewe. Tofauti hiyo ya sarafu ndiyo ninayoona inapaswa kuongoza hukumu yoyote kuhusu usajili wa mapumziko ya msimu, kwa sababu mashabiki wengi huuliza tu kama mchezaji aliyekuja ni mzuri, wakati swali zito zaidi ni kama timu yao imelipa kwa sarafu iliyokuwa nayo kwa wingi au kwa ile iliyokuwa imebaki kidogo.

Soko lisilo na ada ya uhamisho

Msomaji aliyezoea usajili wa soka anahitaji kuweka kando jambo moja. Katika soka, klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba huilipa klabu yake ada ya uhamisho, na mchezaji huyo hukaa mezani kujadili maslahi yake kabla hajahama. Kati ya timu za MLB hakuna ada ya namna hiyo. Mchezaji mwenye mkataba huhama kwa kubadilishwa na wachezaji wengine, mara nyingine fedha kidogo zikiongezwa juu yake, na kwa kawaida yeye mwenyewe haulizwi. Mkataba wake huhama naye kama ulivyo. Asiye na mkataba huitwa mchezaji huru, na huyo husajiliwa na timu yoyote atakayoafikiana nayo. Njia zote mbili huwa wazi tangu World Series, yaani fainali ya ubingwa, inapomalizika, mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, hadi msimu unapoanza mwishoni mwa Machi.

Uhuru huo hauji mapema. Mchezaji anatakiwa kutimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172. Katika miaka mitatu ya kwanza, kwa kawaida, timu humlipa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Katika miaka mitatu inayofuata mshahara wake hupanda kwa mazungumzo au kwa uamuzi wa wasuluhishi, lakini bado hawezi kuondoka. Ndiyo maana wengi hulifikia soko huria wakiwa wanaikaribia miaka 30 au wameshaivuka. Hapa ndipo bei za njia zote mbili zinapozaliwa. Mchezaji huru ni ghali kwa sababu anauza miaka yake kwa timu zote kwa mpigo. Chipukizi naye ni ghali katika mabadilishano kwa sababu atakayempata atafaidi miaka sita ya kazi yake kwa malipo madogo kuliko thamani yake.

Fedha: bei inayoonekana na ile isiyoonekana

Mtu akiutazama mkataba wa Freeman na wa Olson kwa haraka, ataona kwamba Freeman alilipwa wastani wa dola milioni 27 kwa mwaka na Olson milioni 21. Tofauti hiyo ya milioni sita kila mwaka haikutokana na ubora peke yake. Freeman alikuwa mchezaji huru mwenye miaka 32, aliyekwisha kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2020, na timu kadhaa zilikuwa zikimwania. Olson alikuwa hajatimiza miaka 28, na alikuwa amebakiwa na misimu miwili kabla ya kuwa huru. Braves waliketi naye peke yao; hapakuwa na mnada. Waliinunua miaka yake mizuri kabla bei haijapanda, kisha wakaongeza miaka ambayo angeiuza sokoni baadaye.

Lakini bei yao ya kweli haikuwa milioni 168 tu. Walimtoa mdakaji Shea Langeliers, aliyekuwa chaguo lao la kwanza katika drafti ya 2019, yaani uteuzi wa kila mwaka wa chipukizi. Walimtoa Cristian Pache, mlinzi wa katikati ya uwanja wa nje aliyesifiwa mno kwa wepesi wake, pamoja na warushaji Ryan Cusick na Joey Estes. Leo tunaweza kupima bei hiyo kwa haki zaidi kuliko ilivyowezekana siku ile. Pache hakuweza kuwapiga warushaji wa ligi kuu, na mwaka uliofuata Athletics walimpeleka Philadelphia Phillies. Langeliers amekuwa mdakaji hodari, na mwaka 2025 alipiga homurani 31, yaani mipigo inayoupeleka mpira nje ya uwanja, idadi ambayo wadakaji wachache huifikia. Kwa maneno mengine, kati ya vijana wanne mmoja alithibitisha matumaini yote, na mwingine, aliyesifiwa zaidi, aliyaangusha. Hivyo ndivyo chipukizi walivyo. Anayesema kwamba timu yake imetoa kijana atakayekuja kuwa nyota anakisia tu, na anayesema imetoa majina matupu naye anakisia vilevile.

Kwa upande wa wachezaji huru, bei isiyoonekana iko mahali pawili. Kwanza ni tozo ya mishahara mikubwa. Ligi huweka kizingiti cha jumla ya mishahara, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 241, na timu inayokivuka hulipa tozo inayoongezeka kadiri inavyopanda ngazi na kadiri inavyorudia kosa hilo mwaka hadi mwaka. Timu iliyovuka kwa mwaka wa tatu mfululizo au zaidi na kufika ngazi ya juu kabisa hulipa asilimia 110 kwa kila dola inayozidi ngazi hiyo, yaani mchezaji wa dola moja anaigharimu zaidi ya dola mbili. Pili ni drafti. Mchezaji huru bora anaweza kupewa na timu yake ya zamani ofa rasmi ya mwaka mmoja, ambayo Novemba 2024 ilikuwa dola milioni 21.05. Akiikataa na kusajiliwa kwingine, timu mpya hupoteza nafasi moja au mbili za drafti, na ya zamani hufidiwa nafasi moja. Freeman aliikataa ofa hiyo, kwa hiyo Dodgers walitoa nafasi na Braves wakapata. Hata anayesajili kwa fedha, basi, hutoa kipande kidogo cha vijana wake wa baadaye.

Kuna jambo moja ambalo meza ya mkataba mpya inaliruhusu na mabadilishano matupu hayaliruhusu, nalo ni kuupanga upya muda wa kulipa. Shohei Ohtani aliposaini na Dodgers Desemba 2023 kwa dola milioni 700 za miaka kumi, milioni 680 kati ya hizo ziliahirishwa zilipwe kuanzia 2034 hadi 2043. Timu ikabaki na nafasi ya kuendelea kusajili wakati mchezaji mwenyewe akiwa bado uwanjani. Ni mpango unaomfaa mwajiri mwenye uhakika wa mapato ya muda mrefu, na hatupaswi kudhani kwamba timu yoyote ile inaweza kuuiga.

Warushaji watatu wa Desemba 2024

Mfano wa Olson na Freeman unahusu wapigaji. Kwa warushaji hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mkono unaorusha mpira kwa kasi ile huchakaa, na upasuaji wa kiwiko umekuwa jambo la kawaida. Desemba 2024 timu tatu zilitafuta mrushaji wa kwanza wa kikosi, kila moja kwa namna yake.

New York Yankees walimsajili Max Fried akiwa mchezaji huru, kwa miaka minane na dola milioni 218. Arizona Diamondbacks walimsajili Corbin Burnes, naye akiwa huru, kwa miaka sita na dola milioni 210. Boston Red Sox hawakwenda sokoni. Walimchukua Garrett Crochet kutoka Chicago White Sox kwa vijana wanne: mdakaji Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na mrushaji Wikelman Gonzalez.

Mwaka 2025 Fried alishinda mechi 19 na kupoteza tano, na Yankees hawakuwa na sababu ya kujuta. Burnes alianza mechi 11 tu, kisha Juni akafanyiwa upasuaji wa kiwiko ambao humweka mrushaji nje kwa zaidi ya mwaka. Crochet, aliyekuwa na miaka 25 wakati wa mabadilishano, alishinda mechi 18 na kupoteza tano, akawatoa wapigaji 255 kwa straiki tatu, na akairejesha Boston katika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2021. Kabla ya hapo, msimu wa 2025 ulipokuwa ndiyo kwanza umeanza, Red Sox walikuwa wamemwongezea mkataba wa miaka sita wa dola milioni 170, unaoanza 2026.

Sisemi kwamba Crochet hawezi kuumia; mrushaji yeyote anaweza, na yeye mwenyewe alikwisha kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo zamani. Ninachokiona ni kwamba wakati Red Sox wanaufanya uamuzi wa kumpa fedha nyingi, walikuwa wamekwisha kukaa naye kambini, madaktari wao wamemhudumia, na makocha wao wameiona kazi yake kila siku. Timu inayosajili mchezaji huru hupata nafasi ya kumpima baada ya kuafikiana, na humpima kwa siku moja au mbili. Kisa cha Carlos Correa katika majira ya baridi ya 2022 kuelekea 2023 kinaonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kuwa zito. San Francisco Giants walikubaliana naye kwa miaka 13 na dola milioni 350, wakasita baada ya vipimo vya afya. New York Mets wakakubaliana naye kwa miaka 12 na milioni 315, nao wakasita. Mwishowe alirudi Minnesota Twins kwa miaka sita na milioni 200.

Tena Red Sox walichagua kwa makini nani wa kumtoa. Vijana wao waliotarajiwa zaidi wakati ule, Roman Anthony, Marcelo Mayer na Kristian Campbell, walibaki. Timu yenye ghala lililojaa inaweza kuuza gunia moja na bado ikala mwaka mzima. Ile yenye debe moja haiwezi kufanya hivyo bila kulala njaa.

Mchezaji wa mwaka mmoja

Burnes huyohuyo anatupatia somo la upande mwingine, na hapa ndipo ninapoona timu nyingi hukosea hesabu. Mwanzoni mwa Februari 2024, mwaka mmoja kabla ya kuwa huru, Milwaukee Brewers walimpeleka Baltimore Orioles kwa mlinzi Joey Ortiz, mrushaji DL Hall na nafasi ya 34 ya drafti. Alifanya kazi nzuri: ushindi 15, wastani wa kuruhusu mikimbio, yaani pointi, 2.92 kwa kila vipindi tisa. Katika mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya Kansas City Royals aliruhusu mkimbio mmoja tu, Orioles wakafungwa 1-0, na siku iliyofuata wakatolewa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa mchezaji wa Arizona.

Je, Orioles walikosea? Kwa maoni yangu hapana, na sababu yake haipo katika takwimu za Burnes. Ortiz alikuwa mlinzi wa ndani katika timu iliyokuwa na Gunnar Henderson, Jordan Westburg na Jackson Holliday wakigombea nafasi zizo hizo. Thamani yake Baltimore ilikuwa ndogo kuliko thamani yake mahali pengine. Huko Milwaukee alipata nafasi mara moja. Timu yake mpya ikatwaa ubingwa wa kundi mwaka huohuo wa 2024, na tena mwaka uliofuata ilipomaliza na ushindi 97. Pande zote mbili zilitoa ziada na kupokea upungufu. Zaidi ya hayo, kwa kuwa Burnes alikaa Baltimore msimu mzima, Orioles waliweza kumpa ile ofa rasmi ya mwaka mmoja, naye alipoikataa wakafidiwa nafasi ya drafti. Mchezaji anayeletwa katikati ya msimu haruhusiwi kupewa ofa hiyo, na hili ni jambo linaloipandisha thamani ya mabadilishano ya Desemba kuliko ya Julai.

Lakini ukiondoa hali kama hiyo ya kuwa na ziada, kumchukua mchezaji mwenye mwaka mmoja uliobaki ni sawa na kupanga nyumba kwa kodi inayolipwa kwa vijana. Mwaka ukiisha, mpangaji hana nyumba wala hana kodi yake.

Safari ya Juan Soto

Hakuna mchezaji mmoja aliyezipita njia zote hizi waziwazi kama Juan Soto wa Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2022, akiwa na miaka 23 na pete ya ubingwa wa 2019, aliikataa ofa ya Washington Nationals ya miaka 15 na dola milioni 440. Nationals, walipoona hawataweza kumbakisha, walimpeleka San Diego Padres mwanzoni mwa Agosti. Katika kundi la waliopokelewa walikuwamo CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood, ambao wote watatu wamekuja kuteuliwa katika mechi ya nyota wote.

Padres walifika nusu fainali ya ubingwa mwaka huohuo, lakini 2023 hawakufuzu hata hatua ya mtoano. Ikabaki miezi kumi na mmoja kabla ya Soto kuwa huru, nao wakamtoa tena, safari hii kwa New York Yankees, Desemba 2023. Waliopatikana ni pamoja na mrushaji Michael King, aliyeshinda mechi 13 mwaka 2024, na kijana Drew Thorpe, ambaye Machi 2024 alitolewa ndani ya kundi la waliomleta mrushaji Dylan Cease. Cease huyo, Julai 2024, alirusha mechi nzima dhidi ya Washington bila kuruhusu hata mpigo mmoja salama. Padres wakamaliza msimu na ushindi 93, wakiwa hawana Soto. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko wote kwamba kumtoa nyota kabla ya mkataba wake kuisha si lazima kuwe kukata tamaa.

Yankees nao hawakupoteza. Soto alipiga homurani 41 na kuwafikisha World Series ya 2024, ambako walifungwa na Dodgers. Walimlipa dola milioni 31 kwa mwaka ule, na walikuwa wametoa wachezaji watano. Halafu akawa huru, na Desemba 2024 Mets wakampa miaka 15 na dola milioni 765, mkataba mkubwa kuliko wote waliowahi kusaini wanabesiboli wa MLB.

Mkataba huo unatofautiana na ile mingine ya wachezaji huru katika jambo moja muhimu: Soto alikuwa na miaka 26 tu. Aliingia ligi kuu akiwa na miaka 19, kwa hiyo ile miaka sita ilimfikisha sokoni kabla ya kilele chake. Mwaka 2025 alipiga homurani 43 na kuiba vituo 38, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpigo. Mets, hata hivyo, walimaliza na ushindi 83 na wakakosa mtoano, kwa sababu warushaji wao walidhoofika kadiri msimu ulivyosonga. Fedha zilimleta mpigaji bora, hazikuwaletea warushaji.

Mlinganishe Soto na Anthony Rendon, aliyesaini na Los Angeles Angels Desemba 2019 akiwa na miaka 29, kwa miaka saba na dola milioni 245. Majeraha yalimwandama. Hakuna msimu hata mmoja aliocheza zaidi ya mechi 58, na 2025 hakucheza kabisa. Mechi zake zote kwa Angels ni 257, ambazo hazifiki misimu miwili kamili ya mechi 162. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba mkataba wa namna hiyo haubadilishwi kirahisi. Mchezaji aliyeletwa kwa mabadilishano akiwa na miaka miwili iliyobaki, hata akishindwa, hesabu yake hufungwa baada ya miaka miwili.

Nisingependa msomaji aondoke na fikra kwamba mikataba mirefu hushindwa daima. Max Scherzer alisaini na Nationals Januari 2015 akiwa na miaka 30, kwa miaka saba na dola milioni 210, akatwaa tuzo mbili za Cy Young, yaani za mrushaji bora wa mwaka, akiwa nao, na 2019 wakawa mabingwa.

Ridhaa ya mchezaji

Kuna kipimo ambacho hakimo katika fedha wala umri, nacho ni kama mchezaji mwenyewe alitaka kuja. Haki ya kuchagua ilipatikana kwa gharama. Mwaka 1969 St. Louis Cardinals walimpeleka Curt Flood Philadelphia Phillies bila kumshauri, baada ya kuwatumikia miaka 12. Aliona kwamba anauzwa kama mali, akakataa kwenda, akafungua kesi. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilimnyima haki hiyo, na kazi yake uwanjani ilikuwa imekwisha. Desemba 1975 ndipo msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally wako huru, na soko tunalolijua leo likazaliwa. Hadi sasa mchezaji mwenye miaka kumi katika ligi, mitano ya mwisho ikiwa katika timu moja, anaweza kukataa kubadilishwa. Wengine hawana ulinzi huo isipokuwa mkataba wao uutaje.

Kwa anayechagua, maana yake ni hii: mchezaji huru amekwisha kusema ndiyo, na aliyebadilishwa bado hajaulizwa. Braves walimuuliza Olson mapema, na jibu lilikuwa rahisi kwa sababu alikulia katika vitongoji vya Atlanta. Freeman naye ni mtoto wa kusini mwa California. Kila mmoja alikuwa anarudi nyumbani, na ninaamini hilo limechangia utulivu wao kuliko watu wanavyofikiri.

Ningechagua nini

Kama ningekuwa nashauri timu ya kati, yenye vijana wengi wazuri na fedha za wastani, ningesema ibadilishane, lakini kwa mchezaji aliyebakiwa na misimu miwili au zaidi, na ianze mazungumzo ya kumwongezea mkataba kabla msimu wa pili haujafika. Njia hiyo inaipa timu muda wa kumjua mtu wake, inainunua miaka yake mizuri kwanza, na inauepuka mnada. Ningeishauri itoe ziada, kama Baltimore ilivyofanya kwa Ortiz, na isitoe mdakaji wala mrushaji chipukizi ikiwa haina mwingine nyuma yake.

Timu ambayo ligi zake ndogo, inakolelea vijana wake, ni tupu haina la kubadilisha. Hiyo inapaswa kwenda sokoni, hata kama ni ghali, na hapo ningeweka sharti la umri: miaka mingi kwa mwenye chini ya miaka 28, miaka michache yenye mshahara mkubwa kwa aliyevuka 30. Mrushaji wa miaka 30 anayetaka miaka minane ni wa timu ambayo inaweza kuvumilia miaka mitatu ya mwisho bila kumtegemea. Yankees wanaweza. Timu yenye mishahara ya dola milioni 100 kwa jumla haiwezi, kwa sababu mkataba mmoja ukiharibika robo ya bajeti yake imekwenda.

Timu iliyobakisha hatua moja tu kufika ubingwa inaweza kumchukua mchezaji wa mwaka mmoja bila aibu, ilimradi imekwisha kukubali moyoni kwamba ataondoka. Na timu isiyo karibu na ubingwa, hata ikiwa na fedha, ingefanya vizuri kuwa upande wa pili wa meza, kama Nationals walivyofanya 2022, badala ya kumnunua nyota mmoja wa kuwatuliza mashabiki.

Nikirudi kwa wale walinzi wawili wa kituo cha kwanza, nakiri kwamba hadi mwisho wa msimu wa 2025 hakuna timu iliyoshindwa. Freeman aliimaliza mechi ya kwanza ya World Series ya 2024 kwa homurani iliyoingiza mikimbio minne, akawa mchezaji bora wa fainali hizo, na 2025 akaimaliza mechi ya tatu katika kipindi cha 18. Dodgers walitwaa ubingwa miaka yote miwili. Olson alipiga homurani 54 mwaka 2023, rekodi ya Braves kwa msimu mmoja, na tangu afike Atlanta amecheza mechi zote 162 za kila msimu, jambo ambalo katika zama hizi ni adimu mno. Ubingwa tu ndio ambao timu yake haijaupata tena. Dodgers walitaka ubingwa ndani ya dirisha fupi na walikuwa na fedha. Braves walitaka mtu wa kukaa naye muongo mzima na walikuwa na vijana. Mkataba wa Freeman unaisha 2027, akiwa na miaka 38. Wa Olson unaisha 2029, akiwa na 35, na Braves wana hiari ya kumbakisha mwaka mmoja zaidi.